Akakataa Kusaini

Mnyororo uliofunga lango ulikuwa mpya, bado una mafuta ya dukani. Sindano aliushika, akaupima kwa kiganja, akauachia ukagonga chuma kwa kishindo. Nyuma ya lango, nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa imejifungia kimya. Kwenye kamba ya kuanikia ilibaki soksi moja. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye muhuri: nyumba hii itauzwa kwa mnada, kwa amri ya mahakama, Ijumaa, saa nane mchana.

Leo ilikuwa Jumatano.

Mwenye nyumba alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kiti cha plastiki alichoazimwa na jirani, kifurushi cha nguo miguuni. Mtaa mzima ulimwita Mkunga. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minane, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko umbo lake, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwagusa nusu ya watu waliokuwa wakipita pale. Walimwamkia kwa sauti ya chini, kama wapitao msibani.

Sindano alivuka barabara. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe wa haki za wateja? Ningekukaribisha ndani, mwanangu, lakini kama unavyoona na mimi ni mgeni."

Sindano halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa amefanya upelelezi polisi miaka kumi na miwili, kisha akahamia ofisi inayowasikiliza watu waliodhulumiwa na wakopeshaji na wenye nyumba. Wafanyabiashara ndio waliompa jina hilo. Huingia padogo, walisema, lakini mtu mzima hupiga yowe.

"Nieleze tangu mwanzo," alisema, akachuchumaa kando ya kiti.

"Nilikopa friji. Nauziwa nyumba. Basi, hiyo ndiyo hadithi." Mkunga alipiga goti lake kwa kofi. "Nililipa kila mwezi mpaka ikaisha. Duka likafungwa. Kumbe kabla ya kufungwa waliuza madeni ya wateja wao kwa kampuni ya kukusanya madeni, na langu likauzwa humohumo kama vile sijalipa kitu. Mimi sikatai kudaiwa! Anayenidai aje tukae, tutazame risiti. Risiti ninazo. Ziko ndani, na ndani kumefungwa."

"Mahakamani ulipoitwa ulisemaje?"

"Niitwe na nani?"

"Hukupewa karatasi ya wito? Hakuna mtu aliyekugongea?"

Mkunga alimgeukia taratibu. "Mwanangu, mimi ni mkunga. Nimegongewa mlango miaka arobaini, alfajiri, mchana, mvuani. Haijatokea hata siku moja nikagongewa nisifungue. Angekuja ningemjua mpaka kiatu chake."

"Jumatatu walipofunga nyumba, walikuwa nani?"

"Yule dalali wanayemwita Kufuli, na vijana wake wanne wa kubeba vitu." Akamtema wa mwisho kama kokwa. "Na shemeji yangu. Ndugu yake marehemu mume wangu, tumbo moja. Alisimama pale kwenye nguzo, mikono mfukoni, anatazama godoro langu likirushwa kwenye lori."

Sindano aliandika: shemeji. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

*

Karani wa masjala ya mahakama alikuwa na tabia ya kujibu kabla ya kuulizwa.

"Jalada hilo liko kwa hakimu."

"Liko nyuma yako, rafu ya pili. Namba naisoma hapa nilipo."

"Tunafunga saa sita."

"Sasa ni saa tano na dakika kumi."

Karani alishusha pumzi, akashusha na jalada. Lilikuwa jembamba kuliko daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Ndani yake mlikuwa na karatasi tatu: madai ya kampuni, kiapo cha tarishi aliyepeleka wito, na hukumu. Sindano alikisoma kiapo akifuatisha kwa kidole.

*Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne kamili asubuhi, nilifika nyumbani kwa mdaiwa. Nilibisha hodi, akafungua yeye mwenyewe. Nilimkabidhi wito mkononi mbele ya shemeji yake. Aliusoma, akanitukana, akakataa kusaini.*

Chini yake jina la shemeji, kamili, majina yote matatu.

Mchezo wote ulikuwa hapo. Sheria inataka mdaiwa apewe wito mkononi, ajue anadaiwa nini na lini aende kujitetea. Akikataa kusaini, kiapo cha tarishi kinatosha. Siku ya kesi hakimu anaona kiapo kipo na kiti cha mdaiwa hakina mtu, anatoa hukumu ya upande mmoja. Baada ya hapo dalali anakuja na mnyororo. Kila mmoja anamwamini aliyemtangulia, na wa mwisho kujua ni mwenye nyumba.

"Naomba majalada mengine ya kampuni hii."

"Hayo yanahitaji barua nyingine ya ofisi yako."

Sindano alitoa karatasi, akaandika barua hapohapo juu ya kaunta, akatoa muhuri mkobani, akaupulizia, akaugonga kwa nguvu hadi kalamu za karani zikaruka.

Yalikuja matano. Alisoma viapo vyote vitano akiwa amesimama. Saa nne kamili. Akafungua yeye mwenyewe. Akanitukana. Akakataa kusaini. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vya tarehe kumi na nne ileile, nyumba moja kaskazini ya mji, nyingine karibu na machimbo ya mawe. Ukijumlisha na ya Mkunga, tarishi alikuwa amesimama kwenye milango mitatu kwa dakika ile moja, na kutukanwa mara tatu.

"Huyu tarishi ana mabawa?" aliuliza.

Karani alitazama kando. "Mimi napokea karatasi tu, dada. Kilichomo si changu."

Haikutosha, na Sindano alijua. Wakili angesema saa zimekosewa kuchapwa, akacheka, mambo yakaisha. Zaidi ya hayo, kile cha Mkunga kilikuwa na kitu ambacho vile vingine havikuwa nacho: shahidi wa ukoo.

*

Shemeji alikuwa kinyozi. Alipomwona Sindano akivuta kiti cha kusubiria na kukiweka mlangoni, ili asiwe na njia ya kutoka, alizima mashine ingawa kichwa alichokuwa akikinyoa kilikuwa nusu tu.

"Nenda urudi baadaye, kaka," Sindano alimwambia mteja. "Hatutakawia."

Mteja alijipapasa upande uliobaki na nywele, akaona macho ya mgeni, akatoka bila kulalamika.

"Jumatatu ulikuwa kwa shemeji yako, umesimama na dalali. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napita."

"Nyumba iko mwisho wa barabara. Ulikuwa unapita kwenda wapi, ukutani?"

Kinyozi alianza kukunja taulo lililokuwa limeshakunjwa. "Dalali aliniita. Akasema nyumba inauzwa hata nikilia. Akasema nikimletea mnunuzi kabla ya mnada, nami nitapata changu."

"Ukaleta?"

"Nilimpeleka mmoja. Nilijua ni vibaya, dada. Lakini sikuileta kesi mimi."

"Nyumba aliyoijenga kaka yako." Sindano alisogeza uso. "Mkeo alijifungua wangapi?"

"Wanne."

"Alizalishwa na nani?"

Taulo lilimwanguka kinyozi, naye hakuliokota.

"Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Uliona mtu akimkabidhi karatasi ya mahakama. Jina lako limo kwenye kiapo kama shahidi."

"Mimi?" Mshtuko ule haukuwa wa kuigiza, shingo ilimpanda juu kama ya mtu aliyemwagiwa maji. "Haki ya Mungu sijaona tarishi! Mwezi wa tatu nilikuwa sikanyagi kwake, tulikuwa tumenuniana tangu sikukuu!"

Sindano alimsukumia daftari. "Andika jina lako. Yote matatu."

Aliandika. Sindano akaweka nakala ya kiapo kando yake. Jina la mwisho halikulingana. Kwenye kiapo lilikuwa na herufi moja ya ziada katikati.

"Hivi ndivyo unavyoandika kila siku?"

"Tangu shule."

"Na nani aliwahi kukuandika na herufi hii ya ziada?"

Kinyozi aliinama, akatazama, akakunja uso. "Dukani," alisema. "Shemeji alipokopa friji, walitaka jina la ndugu wa karibu. Yule muuzaji alikosea, nikamwambia, akasema haidhuru."

Sindano alifunga daftari. Aliyeandika kiapo hakumwona kinyozi, wala hakufika kwenye ule mlango. Alikuwa amekaa mezani, fomu ya friji mbele yake, na alinakili pamoja na kosa. Kinyozi alikuwa na roho mbaya, naam, lakini uongo ule haukuwa wake.

"Yule mnunuzi wako," alisema akisimama, "mwambie leo hii asitie hela yake pale. Halafu uende ukamwombe radhi yule mama. Na ukienda, usiende mikono mfukoni."

*

Alhamisi asubuhi Mkunga alikuna kichwa mpaka akakata tamaa. Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu? Nani anakumbuka? Angekuwa na daftari lake angesema mara moja, kwa sababu kila mtoto aliyempokea alimwandika: siku, saa, mahali, uzito. Lakini daftari lilikuwa kwenye mkoba wa kazi, na mkoba ulipakiwa kwenye lori Jumatatu.

Bohari la Kufuli lilikuwa kubwa kama uwanja, nalo lilijaa maisha ya watu. Vitanda vilisimamishwa kwa kuegemezwa. Sufuria zilifungwa kamba pamoja kama kuku wa sokoni. Kwenye kona palikuwa na viti vitano vya magurudumu vya wagonjwa, na Sindano alivitazama muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Mama, hapa hatutoi kitu bila kulipwa gharama za kuhifadhi," alisema Kufuli. Alikuwa mtu mnene mwenye funguo kiunoni, na alipotembea alilia kama punda mwenye kengele.

"Sikuja kuomba. Nimekuja kuchukua mkoba wa kazi wa mdaiwa. Sheria inakataza kukamata zana za kazi za mtu. Cherehani ya mshonaji, jembe la mkulima, mkoba wa mkunga. Wewe una leseni ya udalali. Ukurasa wa kwanza wa masharti yake umeandikwa hivyo."

"Yule bibi amestaafu."

"Hospitalini. Leseni yake ya ukunga ni hai, na nakala hii hapa." Aliibandika kifuani pa Kufuli kwa kiganja. "Sasa nikuulize. Hivi viti vya magurudumu umevitoa chini ya nani?"

Kufuli aliacha kutabasamu. "Hivyo ni vya kesi nyingine."

"Vyote vitano ni vya kesi nyingine. Nitarudi kwa kila kimoja. Nipe mkoba."

Ulipatikana chini ya rundo la mazulia, ngozi yake imekwaruzwa. Sindano aliufungua palepale juu ya meza ya mtu mwingine, akatoa daftari la jalada gumu, akafunua mwezi wa tatu. Mwandiko ulikuwa mnene, ulionyooka.

*Tarehe 14. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Saa nne na dakika tano asubuhi. Posta kuu, nyuma ya kaunta.*

Alipiga simu. "Mama, uliwahi kuzalisha posta?"

Sauti ya Mkunga ilipasuka kwa kicheko cha kwanza tangu Jumatatu. "Ee! Nilikwenda kufuatilia pensheni! Mstari hausogei, mara binti mmoja mbele yangu akashika ukuta. Nikamwambia meneja ondoa hivyo vifurushi, leo unapokea kifurushi kingine!"

Daftari la mtu mwenye kesi ni neno lake tu, na wakili angelidharau. Lakini posta ina kitabu cha matukio. Meneja, mwanamume mwenye suti iliyochakaa viwiko, alikitoa kabatini bila kubishana. Siku ile hakuisahau. Ukurasa ulisema yote: saa tatu na nusu mteja alishikwa na uchungu, saa nne na dakika tano mtoto alizaliwa, saa tano gari la wagonjwa lilifika. Pamoja na hayo palikuwa na saini ya mkunga aliyesaidia, na nyingine mbili za mashahidi.

"Nakala naomba igongwe muhuri," alisema Sindano.

"Nitagonga kila ukurasa," alijibu meneja. "Yule mama alinidai maji moto kana kwamba mimi ni mtumishi wake. Nikampelekea mbio."

*

Tarishi alikaa chumba kimoja nyuma ya duka la kurudufu karatasi. Alikuwa mzee aliyekonda, shati limepigwa pasi vizuri, goti la kulia limefungwa bandeji. Alimkaribisha Sindano kwenye kiti, yeye akakaa kitandani, mguu ameunyoosha.

"Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu ulipeleka wito kwa mkunga."

"Nilipeleka."

"Ulimkuta?"

"Alifungua mwenyewe. Mkali sana yule mama. Alinitukana."

"Matusi gani?"

"Ya... ya kawaida."

"Mlango wake una rangi gani?"

"Siku nyingi, afande."

"Ngazi je? Ulipanda ngazi ngapi na goti hilo?"

Tarishi alipapasa bandeji. "Nne. Tano hivi."

"Hakuna ngazi. Nyumba iko chini, sawa na barabara." Aliweka karatasi ya posta kitandani, kati yao. "Saa nne kamili ulipokuwa ukitukanwa naye, yeye alikuwa posta kuu amepiga magoti, mikono yake miwili imeshika kichwa cha mtoto. Mashahidi wamesaini. Wewe umeapa kwa Mungu. Sasa niambie, nani mwongo, wewe au yule mtoto?"

Mzee alisoma hadi mwisho, kisha akaurudia tena ukurasa, midomo ikichezacheza. Alipoinua macho yalikuwa mekundu.

"Nalipwa kwa karatasi, si kwa nyayo," alisema. "Nauli hawatoi. Viapo vinakuja vimeshachapwa, vyote kwa siku moja, nasaini tu."

"Vinatoka kwa nani?"

"Kwa wakili wa kampuni."

"Karani wake au yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe. Lile neno la 'akanitukana' ni lake. Zamani halikuwemo. Aliliongeza, akasema hakimu hamwonei huruma mdaiwa mwenye matusi."

Sindano aliinuka. Chumba kilikuwa kidogo mno kwa hasira aliyokuwa nayo. Hatua mbili zilimfikisha ukutani, akageuka. Alimfikiria Mkunga na kile kiti cha kuazima. Alifikiria kuwa mahali fulani mjini mtu alikaa kwenye meza safi, akatafuta neno litakalomfanya mama wa watu achukiwe na hakimu asiyewahi kumwona, akalipata, akalichapa.

"Hizo karatasi za wito," alisema polepole, maana alijua akiongeza kasi atapiga kelele. "Usizozipeleka. Ziko wapi?"

Tarishi aliinama kwa shida, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta gunia la katani lililofungwa mdomo kwa uzi.

"Kwa nini hukuzichoma?"

"Zina muhuri wa mahakama, afande." Alishangaa kuulizwa. "Kuchoma muhuri ni kosa."

Walizihesabu kwenye sakafu, mwenye duka la kurudufu akiwa shahidi. Zilikuwa sitini na tatu. Tarishi alisaini orodha, kila ukurasa, na mara ya kwanza kwa miaka mingi alisaini kitu alichokiona kwa macho yake.

"Kesho utakuja mahakamani kusema hivyohivyo?"

"Watanifunga."

"Huenda. Lakini usipokuja watakufunga wewe peke yako."

Mzee alitafakari hilo, akaomba amsaidie kuvaa kiatu ili aone kama goti litamudu.

*

Ijumaa ni siku ya maombi ya nyumba na mali zilizokamatwa, hivyo mabenchi ya korido yalikuwa yamejaa toka asubuhi, na ombi la Sindano la kusimamisha mnada lilipangwa la kwanza. Ndani, Mkunga alikaa mbele akiwa na mkoba wake wa kazi mapajani. Nyuma kabisa, karibu na mlango, shemeji yake alisimama, mikono ameifumbata mbele. Alikuwa amekwenda kuomba radhi. Mkunga alimjibu: kwanza nirudi kwangu, ndipo nitajua kama nina nafasi ya kukusamehe.

Wakili wa kampuni alisikiliza ushahidi wa posta na wa herufi ya ziada bila hata kutoa jasho. Alikuwa kijana wa suti nzuri na sauti laini. Tarishi alipomaliza kusema, alisimama.

"Mheshimiwa, tunasikitika. Tarishi mmoja, mzee, mgonjwa, amefanya kosa moja. Anasingizia wengine kujiokoa. Tuko tayari kumpelekea mama huyu wito upya. Kosa moja lisichafue kazi ya watu waaminifu."

"Mpelelezi," hakimu aliuliza, "una la kuongeza?"

Sindano alikwenda hadi mlangoni, akarudi akiburuta gunia. Alilifungua uzi, akaliinua kwa mikono yote miwili, akalimimina juu ya meza ya mahakama. Karatasi zilifurika, zikateleza, nyingine zikamwangukia wakili kwenye viatu.

"Sitini na tatu, mheshimiwa. Zote za kampuni hii. Orodha ni hii, imesainiwa."

"Napinga!" Sauti laini ilikatika. "Hazijathibitishwa, hazihusiani na..."

"Kaa chini."

Hakimu aliokota moja, akavaa miwani. Akaokota nyingine. Chumba kizima kilimtazama akizipanga, na kila alipopanga taya lake lilizidi kukaza.

"Hii niliitolea hukumu," alisema. "Hii pia. Huyu nilimwandika kuwa ni mkaidi." Akavua miwani. "Nilimwandika mkaidi kwa mkono wangu."

Alipoanza kutoa amri hakusoma popote. Hukumu dhidi ya Mkunga imefutwa, mnada umefutwa, mnyororo ukatwe na vitu virudishwe kabla ya saa nane kwa gharama ya kampuni, deni lisikilizwe upya risiti zikiwa mezani. Ukamataji wote wa kampuni hiyo usimame. Viapo vyote vya tarishi vipelekwe polisi leo, na wakili asitoke ndani ya jengo mpaka polisi wamwone. Wakili alifungua mdomo, akaona askari wa mahakama ameshahamia mlangoni, akaufunga.

"Mama," hakimu alisema, sauti imeshuka, "una neno?"

Mkunga alisimama. Hakulia, ingawa wengine walimtegemea alie.

"Ninalo. Nyumba yangu mmenirudishia, ahsante. Lakini mimi nilibahatika. Kuna mtoto alichagua kuzaliwa siku ile saa ile. Asingezaliwa, leo ningekuwa mwongo mwenye matusi." Alinyoosha kidole kwenye rundo. "Hawa hawana mtoto wa kuwatetea. Ninyi mlisema mliwaita wakakataa kuja. Mnadanganya. Hamkuwaita. Sasa waiteni."

"Mama, itatolewa taarifa rasmi..."

"Leo, mheshimiwa. Mnyororo haukusubiri taarifa."

Hakimu alimgeukia karani wa masjala, yuleyule wa Jumatano. "Chukua orodha. Nenda kaite."

Karani alitoka hadi koridoni, akasimama mahali anapoitia kesi kila siku, akakohoa. Sindano alimfuata hadi mlangoni. Jina la kwanza lilisomwa mara tatu kama desturi. Kimya. La pili, kimya. La tatu, mzee mmoja aliguna tu, akasema huyo walimhamishia kwa binti yake, hajulikani alipo. Karani alianza kusoma kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza, Mkunga akamwambia kutoka ndani, "Taratibu! Ni majina ya watu hayo!"

Akapunguza mwendo. La nne. La tano. La sita, la mwanamke, alilisoma mara moja, akalirudia, akavuta pumzi alisome mara ya tatu.

Kwenye benchi la mwisho, karibu na choo, mwanamke mwenye sare ya usafi ya kiwanda aliinua kichwa. Mapajani alikuwa na bahasha ya dalali, imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Alitazama huku na huku kuona kama kuna mwingine mwenye jina hilo. Kisha akasimama, bahasha ikamwanguka, na sauti yake ikajaa korido nzima.

"Nipo!" alisema. "Mimi hapa! Nipo!"